Faili Moja, Kurasa Tatu: Kukagua Bahari Kabla ya Kuvuka Kwenda Songosongo

Tuseme uko Kilwa Masoko kwa utafiti wa pweza, na kila siku ya bamvua unavuka kwenda Songosongo. Kabla ya kupanda boti unapaswa kujua upepo ukoje, kama kuna tahadhari yoyote, na maji yanapanda na kushuka vipi. Yote haya yapo mtandaoni. Shida ni sisi wenyewe: wiki ya kwanza unafungua kurasa zote, wiki ya pili unafungua mmoja, wiki ya tatu unachungulia mawingu dirishani na kusema, "Leo shwari, twende."

Pwani hii haitaki mzaha. Aprili 1952 kimbunga kiliupiga mji wa Lindi. Mei 2024 kikaja Kimbunga Hidaya, kikafika Mafia tarehe 4, na mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, hapa hapa Kilwa. Kwa hiyo ni vizuri kazi ya kufungua kurasa tuiachie kompyuta.

Kama kompyuta yako ni ya Windows, huhitaji kununua wala kupakua programu yoyote. Fungua Notepad, uandike hivi:

@echo off
start "" "https://www.meteo.go.tz"
timeout /t 10
start "" "https://www.meteofrance.re"
timeout /t 10
start "" "https://www.ioc-sealevelmonitoring.org"

Hifadhi kwa jina bahari.bat. Pale kwenye aina ya faili chagua mafaili yote, la sivyo Notepad itaongeza .txt mwishoni na faili halitafanya kazi. Sasa libofye mara mbili. Kurasa zitafunguka moja baada ya nyingine: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kituo cha Réunion kinachofuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, na vipimo vya usawa wa bahari kutoka bandari mbalimbali, ikiwemo Zanzibar.

Imefanyikaje? Amri ya start haijui chochote kuhusu intaneti. Inaikabidhi Windows anwani, nayo Windows inaipeleka kwenye kivinjari unachotumia siku zote. Zile alama mbili tupu za kunukuu zinawachanganya wengi. Ni kwamba maneno ya kwanza ndani ya alama hizo, start huyachukua kuwa jina la dirisha. Ukiziacha, anwani yako ndiyo itakayogeuzwa jina, na ukurasa hautafunguka. Mstari wa timeout unasubiri sekunde 10, ili kurasa zisigombanie mtandao ukiwa dhaifu.

Angalia pia alama mbili za hatari. Anwani ikiwa na &, lazima iwe ndani ya alama za kunukuu, maana nje yake Windows huona amri moja imekwisha na nyingine imeanza. Ikiwa na %, iandike mara mbili: %%.

Ukitaka ifunguke yenyewe kila unapoingia kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, kisha weka nakula ya faili kwenye folda itakayofunguka.

Tahadhari mbili. Faili la aina hii linaweza kufungua kurasa, lakini linaweza pia kufuta kazi yako yote. Ukitumiwa moja WhatsApp, usilibofye kabla ya kulifungua kwa Notepad na kulisoma mstari kwa mstari.

Ya pili ni kubwa zaidi: ukurasa kufunguka si sawa na kusomwa. Faili halijui kama utabiri ulio mbele yako ni wa leo au wa juzi. Angalia tarehe kwanza, soma tahadhari, kisha muulize nahodha anaonaje. Mmoja kati yenu akisita, pweza watasubiri bamvua lijalo.