Je, Wajua? Nepi, Sabuni na Maji ya Ziwa

Maji mengi ya bomba jijini Bujumbura hutoka Ziwa Tanganyika, nalo lina magnesiamu nyingi. Ukifulia nepi za kitambaa kwa sabuni ya mche, iwe Buterere au kwingineko jijini, magnesiamu hushikana na sabuni na kufanya utando usioyeyuka, ule mweupe unaoganda pembeni mwa beseni. Ukijificha kwenye nyuzi, nepi hukakamaa, mkojo huteleza badala ya kufyonzwa, na harufu haitoki hata uanike juani kutwa. Sabuni ya unga haigandi hivyo. Chagua isiyo na manukato makali, tia kidogo, suuza hadi povu liishe. Na ile dawa ya kulainisha nguo? Iache dukani, nayo huzipaka nyuzi mafuta.