Je, Tungoje Kituo cha Kuchaji Haraka?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa asome kwanza, kisha wanafunzi wasome kwa zamu.

Leo twasema hasa nanyi mlioko Mafia: ninyi wa Kilindoni na Utende, wa Baleni na Kirongwe, na wenzetu wa Bweni karibu na Ras Mkumbi. Toeni madaftari na kalamu, maana somo la leo lina hesabu kidogo.

Mmesikia habari za magari ya umeme. Gari la namna hii halina tangi la petroli. Lina betri kubwa. Betri ikiisha nguvu hujazwa tena kwa umeme, na kazi hiyo twaiita kuchaji. Mwaka 2024, katika nchi ya Norwei, karibu magari mapya 9 katika kila 10 yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Huko, kando ya barabara kuu, vimo vituo vya kuchaji haraka. Dereva hufika, huchomeka waya mnene, hunywa kahawa yake, na baada ya nusu saa au saa moja huondoka.

Basi watu huuliza, "Na sisi je? Vituo hivyo vitafika kwetu lini?" Mtu ana akiba yake, atamani kununua pikipiki ya umeme, lakini asema, "Nangoja vituo vije kwanza." Akiba ya mtu ni jasho la miaka. Haifai kuitumia ovyo, wala haifai kuifungia sandukuni kwa kungoja kitu asichokihitaji. Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: mtu wa Mafia yampasa angoje nini?

1. Uniti na kilowati

Kwanza tujue maneno mawili. Ukinunua umeme wa LUKU, wapewa uniti. Uniti ni kipimo cha wingi wa umeme, kama ndoo ni kipimo cha wingi wa maji. Neno la pili ni kilowati. Kilowati ni kipimo cha nguvu, yaani umeme wapita kwa kasi gani. Ni kama upana wa bomba. Bomba jembamba hujaza pipa polepole, bomba pana hulijaza upesi. Lakini pipa ni lile lile na maji ni yale yale.

Shikeni kanuni hii: nguvu ya kilowati 1 kwa muda wa saa 1 hutoa uniti 1.

Sasa tuandike hesabu. Tuseme betri ya pikipiki yako huchukua uniti 3, na chaja yake ina nguvu ya nusu kilowati. Kila saa yaingia nusu uniti. Basi uniti 3 zataka saa 6. Ukichomeka saa 4 usiku, saa 10 alfajiri betri imejaa. Ongeza muda kidogo, maana umeme hupotea njiani, kama maji yanavyomwagika ukichota kisimani.

Tuseme tena gari kubwa, betri yake ni uniti 60. Kwa soketi ya nyumbani yenye kilowati 2, lataka saa 30. Hiyo ni zaidi ya usiku na mchana. Kwa kituo cha haraka cha kilowati 50, lataka saa 1 na dakika 12 tu. Hapa mwaona faida ya kituo cha haraka. Kinawafaa wenye betri kubwa, waendao mbali, wasioweza kulala njiani.

2. Kituo cha haraka chataka umeme mwingi kwa mara moja

Tazama nyumba moja wakati wa jioni. Taa 4 za wati 10 ni wati 40. Televisheni ya wati 60. Jumla ni wati 100. Kilowati 50 ni wati 50,000. Gawanya kwa 100, wapata 500. Basi gari moja likichaji kwa haraka lachukua nguvu ya nyumba 500 za namna hiyo.

Katika nchi yenye mitambo mikubwa na nyaya ndefu, mzigo huo hauonekani. Katika kisiwa ni shauri jingine. Hadi mwaka 2024 Mafia ilikuwa haijaungwa na gridi ya Taifa. Umeme wake ulitoka katika mitambo ya hapa hapa, hasa ya dizeli, na dizeli yenyewe huletwa kwa njia ya bahari. Ninyi mwajua mashua ndogo: ukipakia mzigo mzito ghafula upande mmoja, hulala. Mitambo midogo nayo ni vivyo hivyo. Kituo cha haraka kikifunguliwa saa ya jioni, watu wakipika na kuwasha taa, na hospitali ikihitaji umeme, kisiwa kizima chaweza kuona taabu. Chaja ndogo ya usiku wa manane haina ghasia hiyo, kwa kuwa wakati huo watu wengi wamelala na taa zimezimwa.

3. Safari zetu ni za urefu gani?

Sasa tupime njia. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kama kilomita 15. Kwenda na kurudi ni 30. Safari mbili za kwenda na kurudi ni 60. Pikipiki ya umeme yenye betri ya uniti 3 huenda kama kilomita 60 hadi 80, kwa kadiri ya mzigo, mchanga na vilima. Basi dereva wa bodaboda wa njia hii aweza kufanya safari zake mbili kwa betri iliyojazwa usiku nyumbani kwake. Huyo hana haja ya kungoja kituo cha haraka.

Lakini tuwe wakweli. Kutoka Kilindoni hadi Ras Mkumbi ni kama kilomita 50. Kwenda na kurudi ni 100. Betri moja haitoshi. Dereva wa njia hiyo ataka betri ya pili, au mahali pa kuchaji kule kaskazini. Akinunua bila kufanya hesabu hii, atasukuma pikipiki kwa mikono, na abiria wake juani.

4. Petroli nayo ilianza bila vituo

Msidhani kwamba vituo vya petroli vilitangulia magari. Mwaka 1888, huko Ujerumani, mama mmoja aitwaye Bertha Benz alichukua gari alilolitengeneza mumewe, akasafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Njiani hapakuwa na kituo hata kimoja. Mafuta yalipopungua, aliyanunua katika duka la dawa la mji wa Wiesloch. Magari yalitangulia, vituo vikafuata walipo wenye magari.

Na sisi twalijua jambo hili. Katika vijiji vingi vya Tanzania, petroli iliuzwa kwa chupa kando ya njia kabla kituo hakijajengwa.

5. Wenzetu wamefanyaje?

Kigali, mji mkuu wa Rwanda, pikipiki za umeme zilianza kazi ya kuchukua abiria mwaka 2019. Dereva hangoji betri ijae. Hufika kituoni, hutoa betri iliyokwisha, hutiwa iliyojaa, huenda zake kwa dakika chache. Betri zilizokwisha hubaki kituoni zikichaji polepole. Nairobi pia njia hii imeenea. Huko Kenya, mwaka 2023 iliwekwa bei ya pekee ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, na bei hiyo hupungua usiku wakati matumizi ni madogo.

Njia ya kubadili betri yaweza kufaa katika kisiwa. Chama cha madereva chaweza kuwa na betri za akiba Kilindoni na nyingine kaskazini. Haihitaji waya mnene wa kilowati 50.

6. Kitu kinachostahili kungojwa

Je, basi tusingoje lolote? Kipo kitu cha kungoja, tena cha kuulizia katika mikutano: umeme mwingi, wa kutegemewa, usiotokana na dizeli peke yake.

Tazameni hesabu hii. Pikipiki ya petroli hutumia kama lita 2 au zaidi kidogo kwa kilomita 100. Pikipiki ya umeme hutumia uniti 4 hivi kwa mwendo huo huo. Mtambo wa dizeli hutoa uniti 3 au 4 kwa lita 1. Kwa hiyo hata umeme wetu ukitoka katika dizeli, mafuta yapungua, lakini hayaishi. Meli ya mafuta ikichelewa, pikipiki ya umeme nayo itakwama.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, mkabala na Mafia, ndipo mto Rufiji unapomwaga maji yake. Juu ya mto huo limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Maji ya mto huo yafika karibu na Mafia, lakini umeme wake hauvuki bahari bila waya.

Waya wa chini ya bahari si ndoto. Unguja iliunganishwa na bara mwaka 1980, ikapata waya wa pili mwaka 2013. Pemba, iliyokuwa ikitumia mitambo ya dizeli, iliunganishwa na Tanga mwaka 2010 kwa waya wa kilomita 78 hivi. Lakini waya nao una mashaka yake. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima umeme wa kutoka bara ulipokatika. Kwa hiyo kisiwa chenye busara hakitegemei mlango mmoja. Jua la Mafia nalo ni mali. Bamba la jua la wati 400, likipata jua zuri, hutoa kama uniti 1 na nusu hadi 2 kwa siku. Mabamba mawili yaweza kujaza ile betri yetu ya uniti 3.

7. Kabla hujatoa fedha zako

Jiulize mambo haya manne.

Kwanza, kwa siku naenda kilomita ngapi? Zipime kwa muda wa wiki moja, uziandike.

Pili, nyumbani kwangu umeme hukatika mara ngapi usiku? Umeme ukikatika, nitafanyaje kesho?

Tatu, nani atanitengenezea? Betri ni kitu cha thamani kubwa kuliko vyote katika chombo hiki. Ulizia dhamana yake kwa maandishi, tena usome mwenyewe. Ndiyo faida ya kujua kusoma.

Nne, soketi yangu ni salama? Mwite fundi umeme aitazame. Usiunge nyaya kwa mkono wako. Usichaji betri kitandani wala karibu na jiko, na usiiache ikapigwa na maji ya chumvi mashuani.

Ukipata majibu mazuri, wewe wa bodaboda au bajaji, huna sababu ya kungoja kituo cha haraka. Mwenye lori au gari kubwa, yeye bado ana sababu ya kungoja. Kila mtu apime safari yake mwenyewe, asipime kwa safari ya mtu wa Norwei.

Maswali ya darasani

1. Uniti ni nini? Kilowati ni nini? Eleza kwa mfano wako mwenyewe.
2. Betri ya bajaji ni ya uniti 6, na chaja ni ya kilowati 1. Itajaa kwa saa ngapi?
3. Ulizia bei ya leo ya lita 1 ya petroli na ya uniti 1 ya umeme. Lita 2 za petroli ni shilingi ngapi? Uniti 4 ni shilingi ngapi? Ipi ni nafuu, na kwa kiasi gani?
4. Kwa nini kituo cha haraka chaweza kuleta taabu kisiwani wakati wa jioni?
5. Jadilianeni: mkipata nafasi ya kusema katika mkutano wa kijiji juu ya umeme, mtaomba nini kwanza?

Andikeni majibu kwa wino, majina yenu juu. Kwaherini, na Mungu akipenda tutaonana katika somo lijalo.