Chuma Kigumu Hakikatwi kwa Nguvu

Bapa la springi ya lori ni mtaji mjini Kiwanja, Kivu. Lori likifia kwenye barabara ya Goma–Butembo, springi zake hazitupwi: hugeuzwa nyundo za mashine ya kusaga mahindi, panga, patasi na ndoano za trela. Shida huanza pale fundi anapotaka kulitoboa. Anafunga meshe ya milimita 10, anaegemeza uzito wa mwili mzima juu ya mashine, chuma kinapiga ukelele, moshi unafuka, na kabla ya dakika kuisha ncha ya meshe imegeuka bluu na haikati tena hata chuma laini. Kwenye bapa kumebaki doa linalong'aa, tundu hakuna. Mteja anaambiwa meshe za siku hizi ni feki.

Huenda kweli ni feki, lakini hata iliyo bora ingekufa vilevile. Tupige hesabu. Mashine ndogo ya mkononi huzunguka mara 2,800 hivi kwa dakika. Kwa mwendo huo, ukingo wa nje wa meshe ya milimita 10 husafiri karibu mita 88 kila dakika. Meshe za kawaida huvumilia mita 25 hadi 30 kwa dakika kwenye chuma laini cha mabomba na milango. Kwenye springi, hata ikiwa imelainishwa, mita 10 zinatosha. Hiyo ni mizunguko kama 320 kwa dakika. Fundi hakupungukiwa nguvu. Alizidisha mwendo karibu mara tisa.

Kosa ni la joto. Nguvu inayotumika kukata chuma karibu yote hugeuka joto, na joto hilo huzaliwa palepale ncha inapong'oa maranda. Mambo yakienda vizuri, maranda huondoka na sehemu kubwa ya joto hilo. Chuma kikiwa kigumu, au kikiwa hakipitishi joto vizuri, joto hubaki kwenye ncha, ncha ikalainika, ikaanza kusugua badala ya kukata, na kusugua kukazidisha joto. Maranda yenyewe hutoa taarifa: yakiwa meupe au ya rangi ya majani makavu, meshe ya kawaida iko salama, yakianza kuwa bluu, yamefika nyuzi 300 hivi na ni wakati wa kupunguza mwendo.

Ndiyo maana historia ya zana za kukatia ni historia ya kutafuta kitu kinachobaki kigumu kikiwa ndani ya moto. Mwaka 1868 Mwingereza Robert Mushet alitia wolframu kwenye chuma cha pua na kupata zana zilizodumu kuliko za zamani. Miaka thelathini baadaye, Wamarekani Frederick Taylor na Maunsel White, katika kiwanda cha Bethlehem Steel, walipasha chuma cha ukoo huo hadi karibu na kuyeyuka kabla ya kukipoza. Kilichotokea kilionyeshwa Paris mwaka 1900 na kuwashangaza mafundi wa Ulaya: ncha ilikuwa imeiva nyekundu hafifu na bado inakata. Hicho ndicho chuma cha kasi ambacho meshe nzuri hutengenezwa nacho hadi leo. Hustahimili nyuzi 600 hivi. Taylor pia aliacha kanuni, aliyoitoa mwaka 1906, inayoonyesha jinsi mwendo unavyokula maisha ya ncha: kwa chuma cha kasi, ongeza mwendo kwa asilimia 20 tu, na ncha itadumu chini ya robo ya muda wake.

Hatua iliyofuata ilitoka Ujerumani. Mwaka 1923 Karl Schröter wa kampuni ya taa ya Osram aliandikisha uvumbuzi wa kuchanganya unga wa kabaidi ya wolframu na kobalti, kuukandamiza, kisha kuuchoma kwa nyuzi 1,400 hivi hadi ushikane. Krupp wakauingiza sokoni mwaka 1926 kwa jina la Widia. Ukikitazama kipande chake kwa hadubini, utaona punje za kabaidi zimeshikwa na kobalti kama kokoto ndani ya zege. Punje ndizo zinazokata. Kobalti, kwa kawaida asilimia 6 hadi 12, ndiyo inayozuia ncha isipasuke. Kwa ncha za kukatia chuma cha pua huongezwa kabaidi za tantali na niobi, ili maranda ya moto yasiuchimbe uso wa ncha.

Msomaji wa Kivu atakuwa ameshaanza kuyatambua majina hayo. Wolframu huchimbwa Kivu na upande wa pili wa mpaka, Rwanda. Kobalti inatoka Lualaba na Haut-Katanga, na Kongo peke yake hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Tantali imo katika koltani ya Rubaya, Masisi. Niobi imo katika mawe ya Lueshe, ndani ya Rutshuru hiihii yenye Kiwanja, ambako kampuni ya Somikivu ilichimba kwa vipindi kabla ya vita kuvuruga kazi. Madini manne ya ncha moja yote yanapatikana katika nchi moja, ila Kivu haina kiwanda cha kuyageuza kuwa ncha. Yanaondoka kwa tani na kurudi kwa gramu, ndani ya vijisanduku vya plastiki.

Lakini kuwa na Widia mkononi si dawa ya kila chuma. Uchaguzi wa zana huanza na kukijua chuma chenyewe, na vipimo vitatu havihitaji maabara. Cha kwanza ni sumaku: springi hushika sumaku, ilhali chuma cha manganizi na aina nyingi za inoksi (chuma kisichoshika kutu) hazishiki. Cha pili ni tupa: ikiteleza bila kung'ata, chuma hicho kinakaribia au kinapita ugumu wa tupa yenyewe, kama ilivyo kwa pete za rulema. Cha tatu ni cheche za jiwe la umeme: chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche nyeupe zinazopasuka matawi mengi, na chuma cha kasi hutoa chache, nyekundu na za kufifia.

Kila jibu lina njia yake. Springi hulainishwa kwanza. Ipashwe hadi sumaku iache kuishika, jambo linalotokea kwenye nyuzi 770 hivi, iongezwe moto kidogo, kisha ifukiwe kwenye majivu makavu hadi ipoe yenyewe. Baada ya hapo meshe ya kawaida, ikienda polepole na kupakwa mafuta, itaitoboa bila kelele. Tundu likipatikana, kipande hupashwa tena, huzamishwa kwenye oili na kurudishiwa moto wa wastani ili kisivunjike. Kwa nyundo ya kinu njia hii inatosha. Kwa springi inayorudi chini ya lori la abiria haitoshi, kwa sababu huko moto wa kukisia unaweza kuua watu.

Chuma cha manganizi ni ukoo mwingine. Robert Hadfield alikitengeneza mwaka 1882, na leo kimo kwenye meno ya mashine za kusaga mawe. Kinapopigwa au kusuguliwa, uso wake huzidi kuwa mgumu. Inoksi nayo ina tabia hiyo kwa kiasi. Kosa kubwa hapa ni kubembeleza: ncha butu inayogusagusa huacha ngozi ngumu ambayo ncha inayofuata haiwezi kuipenya. Dawa ni ncha kali, mwendo mdogo na msukumo usiositasita, ili kila mkato upite chini ya ngozi iliyoachwa na mkato uliotangulia. Manganizi kwa kawaida hudai Widia na mashine isiyotikisika.

Kwa fundi mkereza anayenunua ncha za kufunga kwa skrubu, kijisanduku kinasema mengi. Bluu ni kwa vyuma vya pua, njano kwa inoksi, nyekundu kwa chuma cha kusubu, kijivu kwa chuma kilichokwisha kukazwa. Kobalti kidogo humaanisha ncha ngumu zaidi lakini inayovunjika upesi; kazi ya kugongagonga, kama kukereza mhimili wenye mfereji, inataka yenye kobalti zaidi. Anayekosa pesa hujisaidia kwa meshe ya ukutani: kile kijipande kilichochomelewa kichwani mwake ni Widia, na kikinolewa vizuri kinaweza kutoboa chuma ambacho meshe ya kawaida imeshindwa. Kinolewe kwa jiwe la kijani, maana la kijivu hukisugua bure. Kisitumbukizwe kwenye maji kikiwa cha moto, kitapasuka. Na mnoaji afunike pua na mdomo, kwa sababu vumbi la kobalti na kabaidi huharibu mapafu.

Zipo zana zinazopita hapo. Nitridi ya boroni ya umbo la mchemraba, iliyotengenezwa na Robert Wentorf katika General Electric mwaka 1957, hukereza pete za rulema zilizokwisha kukazwa. Almasi, ingawa ni ngumu kuliko vyote, haifai kwa chuma, maana kwenye joto kali kaboni yake huingia ndani ya chuma na ncha ikaisha. Wanasayansi wa Kisovieti Boris na Natalya Lazarenko waliacha kabisa kutumia ncha: mwaka 1943 walianza kukata kwa cheche za umeme, ambazo hazijali ugumu.

Kiwanja haihitaji kungoja hayo. Tangu mtambo wa maji wa Matebe, wenye megawati 13.8, ulipozinduliwa Desemba 2015, ukanda wa Rutshuru umepata umeme usiotegemea mazuti, na umeme huo unaendesha mashine za kusagia, za kuchomelea na za kutobolea. Umeme ulileta mwendo mkubwa. Maarifa ya kuupunguza hayakuja nao. Gereji yenye sumaku ya spika mbovu, pipa la majivu, jiwe la kijani na mashine ya mezani yenye puli za kubadilisha mwendo itatoboa vyuma vingi zaidi kuliko gereji yenye sanduku la meshe ghali na mashine ya mwendo mmoja. Shule za ufundi zingeanzia hapo, kwa kumfundisha mwanagenzi kukokotoa mizunguko kabla ya kumkabidhi mashine, na hesabu yenyewe inatosha nyuma ya daftari.