Pilipili isibebeshwe lawama isiyo yake

Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Hapa Mwiki, katika eneo la Ruiru, swali hilo lafaa kuulizwa kila mara mwanamke mjamzito anaponyoosha mkono kuitwaa pilipili. Papo hapo jirani, wifi na hata mpita njia hugeuka madaktari. Mmoja atadai kwamba mtoto atazaliwa na macho mabovu. Mwingine ataapa kwamba mimba itaharibika. Wasioila ndio wanaowashwa.

Sina nia ya kuwabeza wazee wetu, kwani mengi waliyotuachia yana hekima. Hata hivyo, ni haki pilipili nayo isikizwe kabla ya kuhukumiwa. Mmea huu asili yake ni bara la Amerika, na ulienea pande zetu baada ya Wareno kufungua njia za bahari katika karne ya 16. Tangu hapo umekuwa kitoweo cha mataifa. Wanawake wa Meksiko, India na Ethiopia huila wakiwa na mimba, na watoto wao huzaliwa wakiona kama watoto wengine.

Kinachowasha ndani yake ni kemikali iitwayo kapsaisini. Hiyo huamsha mishipa ya fahamu inayotambua joto, ulimi ukadhani umeungua ilhali haukuungua. Hakuna ushahidi kwamba pilipili ya mlo wa kawaida humpofusha mtoto tumboni au huiharibu mimba. Isitoshe, pilipili mbichi ina vitamini C kwa wingi, na vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika ndengu, maharagwe na mboga za majani. Mjamzito aliyechoshwa na githeri isiyo na ladha, akaipata hamu ya kula kwa sababu ya pilipili kidogo, amefaidika.

Je, haina udhuru wowote? Unao. Mimba huleta homoni zinazolegeza mlango ulio kati ya umio na tumbo, nacho kizazi kinapokua husukuma tumbo juu. Ndipo asidi hupanda na kuchoma kifua. Hicho ndicho kiungulia, wala si nywele za mtoto kama isemwavyo mitaani. Pilipili yaweza kukizidisha, na yaweza pia kuwaudhi wenye bawasiri. Dawa yake ni kiasi: ale kidogo kidogo mara nyingi, asilale mara tu baada ya chakula cha jioni, na aipunguze pilipili inayomchoma. Kila mtu na tumbo lake.

La kuchunga zaidi ni kile kinacholiwa pamoja nayo. Tukisimama kando ya barabara kununua soseji iliyopasuliwa na kujazwa kachumbari, twauliza kama pilipili ni kali, lakini ni nani miongoni mwetu anayeuliza kama nyanya na dhania zilioshwa, na kwa maji gani? Mboga mbichi zenye udongo, mutura usioiva na maji machafu hubeba vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo, pamoja na vimelea viwezavyo kumfikia mtoto tumboni. Pilipili haiui vijidudu hivyo. Mjamzito ataioshea pilipili yake nyumbani kwa maji safi, ataipika au kuikatakata mwenyewe, kisha atanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho.

Lakini sababu hasa iliyonifanya nishike kalamu ni nyingine. Lawama hii isiyo na msingi inaweza kugharimu uhai. Mwanamke mwenye mimba iliyopita wiki 20 akilalamika kwamba anaumwa chini ya mbavu, hasa upande wa kulia, huambiwa: "Si nilikukataza pilipili?" Hupewa maziwa, akalazwa. Kumbe huenda ni dalili ya shinikizo la damu la ujauzito, ambalo huweza kuishia katika kifafa cha mimba. Maumivu hayo yakifuatana na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota, au uso na mikono kuvimba ghafla, hakuna kungoja asubuhi. Ni hospitali saa hiyo hiyo. Dalili hizi zaweza kutokea hata baada ya kujifungua.

Tena ugonjwa huu waweza kuanza kimyakimya, bila maumivu yoyote. Ndiyo sababu kliniki hupima shinikizo la damu na mkojo. Tangu mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, mara ya kwanza ikiwa kabla ya kutimia wiki 12. Kipimo hicho cha mkononi kina ushahidi ambao ulimi wa jirani hauna.

Basi akina baba, akina mama wakwe na majirani wa Mwiki, tumwachie mjamzito pilipili yake akiitamani. Badala ya kumhesabia vipande sahanini, tumuulize amekwenda kliniki mara ngapi, na nauli ya safari ijayo iko wapi. Hilo ndilo litupasalo kutuwasha.