Mchagua Jembe Si Mkulima? Uteuzi wa Lenzi ya Mbali katika Upigaji Picha za Wanyamapori

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkemea mvivu anayesingizia zana ili aihepe kazi. Hata hivyo, mkulima hodari naye anajua kuwa jembe linalofaa udongo wa kichanga huenda lisifae udongo wa mfinyanzi, na kwamba asiyelijua shamba lake hupoteza jembe na msimu kwa pamoja. Hali ni hiyo hiyo kwa mpigapicha wa wanyamapori anaposimama mbele ya kabati la vioo katika duka la kamera, mfukoni akiwa na fedha za lenzi moja tu. Je, anunue lenzi inayobadilika urefu au ile isiyobadilika? Makala haya yanadhamiria kueleza tofauti baina ya lenzi hizo mbili, kupima manufaa na upungufu wa kila moja, na kuonyesha kuwa uteuzi huu hauhusu ubora wa kioo pekee. Unahusu pia umbali ambao mpigapicha yuko tayari kuuacha kati yake na mnyama.

Suala hili si geni katika Afrika Mashariki. Lenzi za mbali za kamera zilianza kujulikana Ulaya mwaka 1891. Haukupita muda mrefu kabla ya Mjerumani Carl Georg Schillings kuzunguka katika nchi ambayo leo ni Tanzania akiwapiga picha wanyama wa porini, na mwaka 1905 akachapisha kitabu alichokiita Mit Blitzlicht und Büchse, yaani kwa mmweko wa taa na kwa bunduki. Anwani hiyo yadhihirisha kuwa mtu yule yule alibeba kamera na silaha. Kiswahili nacho kimeuhifadhi ujirani huo, kwa kuwa bunduki hupigwa na picha pia hupigwa. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mgeni wa mbugani alibakia na chombo kimoja tu cha kupigia, nacho ni kamera.

Maana ya Istilahi

Ili hoja zieleweke, ni vyema kufafanua istilahi chache. Lenzi hutambuliwa kwa urefu wake wa fokasi, unaopimwa kwa milimita. Kadiri urefu huo unavyozidi, ndivyo mnyama anavyoonekana mkubwa zaidi katika picha. Lenzi za urefu wa milimita 300 na zaidi ndizo hasa zinazotumiwa kwa wanyamapori.

Lenzi hizi zimegawika katika makundi mawili. La kwanza ni la lenzi za kuvuta, ambazo wapigapicha wengi huziita zumu. Lenzi ya aina hii ina pete ambayo mtu akiizungusha urefu wa fokasi hubadilika, mathalani kutoka milimita 200 hadi 600. Kundi la pili ni la lenzi tuli, maarufu kama praimu, ambazo zina urefu mmoja tu. Mwenye lenzi tuli ya milimita 600 akitaka mnyama aonekane mdogo zaidi, hana budi kurudi nyuma.

Istilahi ya tatu ni tundu, yaani upenyo unaopitisha mwanga kuingia katika kamera. Ukubwa wa tundu huelezwa kwa namba inayopatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Kwa hiyo, namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya milimita 600 yenye namba 4 huhitaji tundu la kipenyo cha milimita 150, ilhali yenye namba 6.3 huhitaji la milimita 95 hivi. Tofauti hii ndiyo chanzo cha tofauti nyingine nyingi zitakazojadiliwa, zikiwemo za uzito na bei.

Hesabu ya Umbali

Ukubwa wa mnyama ndani ya kamera hupatikana kwa kuzidisha urefu wa fokasi kwa kimo cha mnyama, kisha kugawanya kwa umbali. Tuchukue mfano wa duma mwenye kimo cha sentimita 80 begani, akiwa mita 40 kutoka kwa gari. Lenzi ya milimita 600 itamwonyesha akiwa na kimo cha milimita 12. Kwa kuwa kihisi cha kamera kamili kina kimo cha milimita 24, duma huyo atajaza nusu ya picha. Lenzi ya milimita 300 itampa robo tu ya picha. Ili mwenye lenzi hiyo fupi aipate nusu ile, itambidi amwombe dereva asogee hadi mita 20.

Hadi hapa, urefu mkubwa waonekana kuwa jibu la kila swali. Lakini tuseme kwamba, kabla duma hajaondoka, tembo mwenye kimo cha mita tatu anatokea kichakani katika umbali ule ule wa mita 40. Lenzi ya milimita 600 ingehitaji kihisi chenye kimo cha milimita 45 ili imwonyeshe mzima. Mwenye lenzi tuli atapata jicho, pembe na mikunjo ya ngozi, lakini tembo mzima hatampata. Mwenye lenzi ya kuvuta ataizungusha pete hadi milimita 200, na tembo atatosha na nafasi ibakie ya mbingu na nyasi.

Katika hifadhi ya Maasai Mara mgeni haruhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa. Hawezi kurudi nyuma hatua kumi wala kusogea hatua tano. Mahali ambapo miguu imezuiwa, pete ya lenzi ndiyo miguu ya mpigapicha. Nyumbu wanapovuka Mto Mara, mmoja huweza kuruka karibu na gari huku maelfu wengine wakiwa ng'ambo, na muda wa kubadilisha lenzi haupo. Isitoshe, kufungua kamera katika vumbi linalotimuliwa na kwato ni kulialika vumbi hilo juu ya kihisi.

Suala la Mwanga

Iwapo lenzi ya kuvuta ina wepesi huo wote, kwa nini wapigapicha mashuhuri wangali wanabeba lenzi tuli nzito? Jibu kuu ni mwanga. Simba na chui hutembea zaidi alfajiri na jioni, wakati mwanga ni haba. Tundu la namba 4 hupitisha mwanga unaokaribia mara mbili na nusu ya ule wa namba 6.3. Hii ina maana kuwa, pale ambapo mwenye namba 6.3 anafungua kilango cha kamera kwa sehemu moja ya 400 ya sekunde, mwenye namba 4 anaweza kukifungua kwa sehemu moja ya 1000. Chui akigeuza kichwa ghafla, picha ya kwanza huweza kutoka na ukungu wa mwendo, ya pili ikatoka na kila unywele wa sharubu.

Aidha, tundu kubwa hulainisha mandhari ya nyuma, hivyo ndege mdogo kama mdiria hujitenga na matete yaliyomzunguka. Faida nyingine hutokea mtu anapotumia kiongeza urefu, yaani kioo kinachowekwa kati ya lenzi na kamera. Kiongeza cha mara 1.4 hupunguza mwanga kwa nusu. Lenzi tuli ya milimita 600 yenye namba 4 huwa milimita 840 yenye namba 5.6, nayo ingali na mwanga kushinda ile ya kuvuta isiyo na kiongeza chochote. Lenzi ya kuvuta ya namba 6.3 ikiongezwa hivyo hushuka hadi namba 9, na mwanga wa alfajiri hautoshi.

Hata hivyo, hoja ya mwanga haina uzito ule ule uliokuwa nao zamani. Vihisi vya kamera za leo huvumilia giza kuliko vya miaka ishirini iliyopita, na programu za kusafisha chenga za picha zimeendelea mno. Kwa upande mwingine, kuna lenzi tuli za kisasa zisizo na tundu kubwa. Mwaka 2023 kampuni ya Nikon ilitoa lenzi tuli ya milimita 600 yenye namba 6.3 na uzito usiofikia kilo moja na nusu. Lenzi kama hiyo haimpi mnunuzi mwanga zaidi ya ile ya kuvuta. Inampa wepesi wa kubeba, jambo la maana kwa anayetembea kwa miguu au kupiga furukombe akiwa mashuani katika Ziwa Naivasha.

Uzito na Bei

Mnamo Juni 2019 kampuni ya Sony ilitangaza lenzi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni tuli, ya milimita 600 na namba 4, yenye uzito wa gramu 3,040. Ya pili ni ya kuvuta, ya milimita 200 hadi 600, ambayo inapofika milimita 600 ina namba 6.3, uzito wake ni gramu 2,115. Bei ya kwanza nchini Marekani ilikuwa takriban dola 13,000, na ya pili takriban dola 2,000. Fauka ya hayo, bei hizo ni kabla ya nauli na ushuru wa kuingiza bidhaa.

Kwa kijana wa Kenya anayetaka kuishi kwa kazi hii, tofauti ya dola 11,000 ni siku nyingi za ada za mbugani, mafuta ya gari na malipo ya mwongoza watalii anayewajua wanyama. Yamkini siku hizo zitamzalishia picha bora kuliko mwanga uliozidi mara mbili na nusu.

Umbali Kama Heshima

Kanuni za Maasai Mara hutaka magari yasizidi matano penye mnyama, wala yasimsogelee chini ya mita 25. Hapa ndipo hesabu ya awali inapogeuka kuwa suala la uhai. Ilibainika kuwa mwenye lenzi ya milimita 300, akitaka duma ajaze nusu ya picha, sharti afike mita 20. Kwa maneno mengine, lenzi yake inamshawishi kuvunja kanuni. Mwenye milimita 600 huipata picha hiyo hiyo katika mita 40.

Madhara ya kusogea si ya kudhaniwa tu. Utafiti wa Femke Broekhuis kuhusu duma wa Mara, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa katika maeneo yenye watalii wengi duma jike alilea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.21 kwa kila uzao. Katika maeneo yenye watalii wachache, wastani ulikuwa 2.32. Si kila gari la watalii hubeba mpigapicha, na si lenzi fupi pekee inayosababisha msongamano. Lakini kila anayeweza kutosheka akiwa mbali hupunguza gari moja katika duara linalomzunguka mama mwenye watoto.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa lenzi tuli yenye tundu kubwa humfaa anayejua mapema atakachokipiga, anayekipiga katika mwanga hafifu, na ambaye mfuko wake unaruhusu. Lenzi ya kuvuta humfaa anayefungwa ndani ya gari, asiyejua kama kichaka kitatoa tembo au ndege. Kwa mwenye fedha za lenzi moja, uamuzi wa busara ni lenzi ya kuvuta, kwa sharti kwamba mwisho wake ufike milimita 500 au 600. Inayokomea 300 itampunguzia gharama dukani, kisha deni hilo litalipwa na mnyama.

Basi methali ya wahenga ingali kweli. Aliyekwisha kulijua shamba lake hakawii mbele ya majembe. Na shamba la mpigapicha wa wanyamapori ni ule uwanja mtupu wa nyasi uliopo kati ya gari na duma, ambao ni wajibu wake kuuacha ubaki mtupu.