Nyumba Njema Si Mlango: Namna ya Kuzitambua Injini Kuukuu za Dizeli

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maneno hayo yanamhusu dereva wa jeshi na polisi wa barabarani kuliko wao wenyewe wanavyodhani. Jina lililoandikwa mbele ya gari ni mlango tu. Injini iliyomo ndani yaweza kuwa imeundwa na kiwanda kingine kabisa, pengine katika nchi nyingine. Asiyelijua jambo hili huleta hasara. Akiwa fundi, huagiza kipuri kisichofaa na lori likabaki limesimama. Akiwa polisi, humshuku mtu asiye na hatia, au humwachia mwizi akapita.

Chanzo cha jambo hili si cha ajabu. Kubuni injini mpya ya dizeli ni kazi ya miaka mingi na ya fedha nyingi. Ndiyo maana viwanda kadhaa vya magari viliona ni nafuu kununua injini kwa wale walioifanya kazi hiyo kuwa ndiyo biashara yao. Mmoja wao ni Perkins, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1932 katika mji wa Peterborough, Uingereza, na Frank Perkins pamoja na mhandisi Charles Chapman. Injini za Perkins zilifungwa katika malori ya Commer na Dodge, katika matrekta, katika mashua na katika mitambo ya umeme. Mwaka 1959 Massey Ferguson, waundaji wa matrekta, waliinunua Perkins yenyewe, na mwaka 1998 ikawa mali ya Caterpillar ya Marekani. Hata Alfa Romeo, kiwanda cha Italia kinachosifika kwa magari ya mbio, mwaka 1976 kilitoa gari la Giulia lenye Perkins 4.108, injini ile ile iliyokuwa ikifungwa katika magari madogo ya mizigo ya Commer.

Basi injini itajulikanaje? Aghalabu jina lake lenyewe hueleza. Katika injini kuukuu za Perkins, tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, na zile zinazofuata nukta ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo. Kwa hiyo 3.152 ya trekta la Massey Ferguson 135 ina silinda 3 na ujazo wa karibu lita 2.5. Ile 4.236 ina silinda 4 na karibu lita 3.9, na 6.354 ina silinda 6 na lita 5.8. Namba iliyogongwa katika chuma cha injini nayo hutoa ushahidi. Herufi LD mwanzoni huonyesha 4.236, na ED huonyesha 4.108. Herufi U iliyo katikati ya tarakimu huonyesha kwamba injini iliundwa Uingereza.

Peugeot ya Ufaransa ilikuwa na desturi nyingine. Injini zake za dizeli, zilizouzwa pia kwa jina la Indenor, zilipewa majina kama XDP 4.88 na XDP 4.90. Hapo 4 ni idadi ya silinda, na 88 au 90 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Injini hizi ndizo zilizoyaendesha magari ya Peugeot 404 na 504 ya dizeli ambayo barabara za Afrika ya Mashariki ziliyazoea. Lakini hazikukaa kwa Peugeot peke yake. Ford ilizifunga katika Granada na Sierra zake za dizeli huko Ulaya, na Mahindra ya India ilizitia katika jeep zake.

Deutz ya Ujerumani ilieleza zaidi ya wote. Chukua F6L912, iliyotumika katika magari na mitambo ya namna nyingi. F ni alama ya injini ya gari. 6 ni silinda. L ni hewa, maana injini hupozwa kwa upepo. 9 ni toleo lake. Na 12 ni mwendo wa pistoni kwa sentimita. Dereva anayejua kusoma hivyo hatahangaika kutafuta rejeta mahali ambapo haikuwapo tangu kiwandani.

Yako pia magari ambayo umbo lao lilibaki lile lile huku injini zikibadilika. Teksi nyeusi ya London, iliyotolewa mwaka 1958, ilianza na dizeli ya Austin. Mwaka 1982 ikapewa injini ya Land Rover, na mwaka 1989 ikapewa ya Nissan kutoka Japani. Vivyo hivyo jeshi la Australia, katika miaka ya 1980, lilichagua Land Rover zenye injini ya Isuzu 4BD1 ya lita 3.9. Askari wa huko aliyeagiza vipuri kwa kulitazama jina la mbele tu angeletewa vya injini ya Kiingereza visivyoingia hata kimoja.

Pamoja na hayo, undugu wa injini usitupotoshe. Injini mbili zenye namba moja zaweza kugawana pistoni, ringi, beringi na gasketi, lakini si kila kilichozizunguka. Ile 4.236 ya trekta la Massey Ferguson ina sampu ya chuma kizito, kwa sababu injini yenyewe ni sehemu ya mwili wa trekta na hubeba uzito wake. Pampu ya dizeli ya mtambo wa umeme nayo hurekebishwa ili injini izunguke kwa kasi moja, na haifai kutiwa katika lori vivi hivi. Kinyume chake, magari mawili ya 504 yaliyosimama bega kwa bega yaweza kuwa na injini mbali mbali, moja ya sentimita za ujazo 2,112 na nyingine ya 2,304. Pistoni ya kwanza ni ya milimita 90, ya pili ni ya 94. Tofauti ni milimita nne tu, lakini zatosha kuliacha gari porini.

Kwa upande wa polisi, hapana budi kukumbuka mambo mawili. La kwanza, injini yenye jina geni ndani ya gari si ushahidi wa wizi. Huenda gari lilitoka nayo kiwandani, au mwenyewe aliibadilisha kwa halali. Na aliyebadilisha kwa kawaida hupaswa kuiarifu ofisi ya usajili. La pili, bamba lililopigiliwa kwa ribiti huweza kung'olewa na kuhamishwa. Namba iliyogongwa katika chuma chenyewe ndiyo ya kulinganishwa na kadi ya gari. Tazama kama mahali pa namba pamepigwa tupa, kama tarakimu zimepinda au hazilingani kwa ukubwa, au kama pana rangi mpya mahali pamoja tu ilhali injini nzima imejaa mafuta na vumbi. Hizo ndizo dalili za kuuliza maswali zaidi.

Kazi yenyewe haihitaji chombo cha gharama. Yatosha kitambaa, mafuta kidogo ya taa, tochi na kalamu. Injini ikiwa imepoa, futa uchafu, isome namba kwa utulivu, kisha iandike yote kama ilivyo, pamoja na herufi zake, bila ya kukisia palipofutika. Kila kikosi na kila kituo kingefaidika kuwa na daftari moja lenye namba ya injini ya kila gari lake. Siku lori litakapokwama usiku mbali na kambi, ukurasa mmoja wa daftari hilo utamwezesha fundi kujua cha kuagiza kabla hajaondoka karakanani. Na siku dereva maskini atakaposhukiwa kwa sababu Ford yake ina injini ya Peugeot, polisi mwenye maarifa ataisoma namba, ataitazama kadi, kisha atamruhusu aende zake.