Ngoma Katikati ya Magoti

"Kaa kike." Amri hiyo tunaisikia kabla hatujajua kusoma. Maana yake funga miguu, punguza sauti, vuta sketi ifunike magoti. Mimi niliambiwa na mama, na shangazi, na mwalimu wa zamu, hata na jirani asiyenijua jina. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipowaona akina mama wa Kigogo, vijijini Dodoma, wakipiga muheme, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye miguu yao.

Muheme ni ngoma ya wanawake. Imebanwa kiunoni, pana juu na chini. Mpigaji husimama, akaibana katikati ya mapaja, akapanua magoti, kisha viganja vyote viwili vikashuka kwenye ngozi. Ukiwa karibu, mlio wake unaupokea kifuani kabla ya masikioni. Wapigaji niliowaona walikuwa bibi za watu, wenye wajukuu waliosimama pembeni wakitazama, na hakuna aliyewaambia wakae kike. Kwa Wagogo huko ndiko kukaa kike. Wanaume wana vyombo vyao, zeze na ilimba.

Sasa toka vijijini uingie Dodoma mjini, kwenye ukumbi wa Bunge. Tarehe 1 Juni 2021, mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama kulalamikia mavazi ya mbunge mwenzake. Spika Job Ndugai, mwana wa Kongwa, hapa hapa Ugogo, akamtaka Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, atoke nje akavae vizuri ndipo arejee. Alikuwa amevaa suruali. Wabunge wanawake walikasirika, wakataka aombwe radhi.

Niliitazama video ya kikao kile mara nyingi, na kila mara nilimtazama yeye akitembea kuelekea mlangoni. Watu wa Momba walimpeleka pale azungumzie barabara zao na maji yao. Ukumbi huo ulishaongozwa na mwanamke, Anne Makinda, kuanzia 2010 hadi 2015. Hata hivyo, siku ile ilitosha mwanamume mmoja kunyoosha mkono, na kikao kizima kikageuka kumkagua dada wa watu kiunoni.

Ingekuwa rahisi kusema turudi kwenye mila, kwa bibi zetu wenye ngoma. Siwezi kusema hivyo. Muheme huo huo ulilia kwenye sherehe za unyago, na katika nyingi ya sherehe hizo wasichana walikeketwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba mkoani Dodoma wanawake 47 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10. Sheria ilishakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 tangu 1998. Wembe ulibaki kwa sababu wengi waliamini msichana hajawa mwanamke mpaka wengine wammalizie. Kwangu mimi, wembe ule na ule mkono ulionyooshwa bungeni havilingani kwa maumivu, lakini vimetoka nyumba moja: ile inayoamini kwamba mwili wa mwanamke una wakaguzi.

Wapo wanaochukua ngoma na kuuacha wembe. Pendo Zawose ni binti wa Hukwe Zawose, yule gwiji wa ilimba kutoka Ugogo aliyefariki 2003. Leah ni mjukuu wa Hukwe. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule walikuwa waitikiaji na wachezaji, nyuma ya baba na kaka zao. Mwaka 2024 wawili hao, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha. Humo wao ndio wanaoongoza kuimba, na vyombo vilivyokuwa vya wanaume vimo mikononi mwao. Muheme hawakuuacha.

Nilimwonyesha binti yangu video yao jioni moja. Ana miaka saba. Alikwenda uani, akarudi na ndoo ya plastiki, akaigeuza, akaibana kwa magoti na kuanza kupiga. Sketi ilikuwa imempanda. Nilifungua kinywa kumwambia, neno likiwa tayari ulimini, lile lile la mama yangu. Nikalimeza. Akapiga mpaka giza likaingia.